Sweet tea ya kuuzia wateja mgahawani inapikwaje? Yangu inatoka na ukungu

MamaPilau_GA

Habari za humu ndani wakuu. Naomba msaada hasa kwa mlioko majimbo ya kusini huku Marekani au mliowahi kufanya kazi jikoni kwa wenyeji. Mimi na mume wangu tuna mgahawa mdogo hapa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, tunauza pilau, wali wa nazi, kuku wa kuchoma, maharage, chapati, sambusa, vitu vya nyumbani tu. Mwanzo wateja walikuwa wetu wetu, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wakenya na Watanzania wachache, ila siku hizi mchana wanaingia Wamarekani wengi, wa maofisini na wale mafundi wa ujenzi, na kila akikaa kabla hata hajashika menyu anauliza sweet tea, ile chai ya rangi yenye sukari inayonyweka na barafu, ipo? Nikimwambia kuna chai ya maziwa, soda na juisi ya ukwaju anaagiza maji ya bure. Yaani naona hela inapita mlangoni hivi hivi.

Nimejaribu kupika nyumbani. Nachemsha majani ya kwetu, yale ya Kenya ya chenga chenga, ninavyochemsha chai ya rangi siku zote, natia sukari, inapoa kidogo naingiza kwenye friji. Asubuhi naikuta imekuwa na rangi ya maji ya mafuriko, huoni upande wa pili wa glasi, na ukinywa inakamata ulimi. Jirani yangu mama wa Kimarekani mtu mzima nilimwonjesha akanywa funda moja akatabasamu akaweka glasi mezani, na tabasamu la adabu sote tunalijua.

Sasa naomba mniambie, majani gani yanatumika, sukari kiasi gani maana kila video ya mtandaoni inasema lake, naweza kupika jioni nikauza kesho yake? na mume wangu anasisitiza nitie iliki na tangawizi ili iwe na alama yetu, mimi nasita. Na bei muiwekeje maana hawa watu wanataka kujaziwa mpaka wachoke. Nataka kianzio cha mtungi wa galoni 3, kama lita 11, tayari nimeununua, ule wa chuma wenye koki chini. Mashine ya kupikia sina bado, nina sufuria kubwa na jiko la gesi. Asanteni.

KokiSafi

Karibu dada yangu. Mimi nimepika nyama za moshi miaka mingi kwenye mgahawa wa wenyeji kule South Carolina, na pale kazi ya kwanza asubuhi kabla ya kuwasha chochote ilikuwa chai, kwa hiyo hapa umefika.

Kwanza acha kuchemsha majani. Hilo ndilo linalokamata ulimi. Sisi kwetu chai tunaitokosa mpaka ikolee, na kwa kuwa tunaitia maziwa ule ukali unamezwa na maziwa, haudhuru. Chai ya barafu haina pa kujificha. Maji yachemke, uzime moto, ndipo majani yaingie, ufunike, dakika 5 basi, uyatoe. Kama majani yako kwenye mfuko usiukamue hata mkono wako ukiwasha kwa hamu, kukamua kunatoa uchungu wote uliobaki. Ukiona chai ni nyepesi ongeza majani siku nyingine, usiongeze dakika. Watu wengi wanakosea hapo wanadhani dakika 15 ni ukali zaidi, ni uchungu zaidi tu.

Kipimo cha kibiashara kilichozoeleka ni aunsi moja ya majani kwa galoni moja ya chai iliyokamilika, kama gramu 28. Kwa mtungi wako wa galoni 3 ni aunsi 3. Kwenye maduka ya jumla ya migahawa utakuta mifuko mikubwa imepimwa kabisa kwa mtungi wa galoni 3, unadumbukiza mmoja hesabu imekwisha. Ukikosa hiyo chukua zile za saizi ya familia, Luzianne au Lipton wanazo zimeandikwa za chai ya barafu, moja ni ya robo galoni kwa hiyo galoni 3 ni mifuko 12. Kata vile vikaratasi na nyuzi zake zikiwepo maana vikiloana vinatoa ladha ya karatasi.

Namna yenyewe sasa kwa mtu asiye na mashine. Chemsha galoni 1 ya maji kwenye hilo sufuria lako, maji yaliyochujwa kama unaweza, maji ya bomba yenye klorini nyingi utaisikia kwenye chai. Yakichemka zima, tia majani aunsi 3, na robo kijiko cha chai cha beking soda, siyo beking pauda na siyo magadi dada, beking soda. Usiogope, haina ladha ikiwa ni hiyo robo tu, inapunguza ule ukakasi na rangi inakuwa safi. Wapishi wazee wa kule hawakuambii lakini wengi wanaitia. Ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni kwa hiyo mkono usiteleze. Funika dakika 5, toa majani, hapo hapo ikiwa ya moto mwaga sukari ukoroge mpaka usisikie mchanga chini ya mwiko. Sukari iingie moto, hilo halina mjadala, ukiitia kwenye chai iliyopoa inatuama chini na anayekuja mwisho anakunywa shira.

Kisha hiyo galoni 1 nzito unaimimina kwenye mtungi juu ya galoni 2 za maji ya kawaida. Nimesema ya kawaida, siyo ya friji na siyo barafu, kuishtua kwa baridi ghafla ndiyo inaleta huo ukungu wako. Iache kwenye kaunta ipoe yenyewe na iuzwe hapo hapo kutoka kwenye mtungi, baridi inaipata kwenye glasi. Glasi ijae barafu mpaka juu, siyo vipande vinne, ijae, ndiyo mimina.

Sukari: anzia kilo 1 kwa mtungi. Ukionja ikiwa ya moto itakushtua lakini barafu inaichukua sana.

Kericho_Boy

Huyo bro amesema ukweli kwa mapishi, mimi naongezea kwa majani kwa sababu nimekulia katikati ya mashamba ya chai na naona dadangu analaumu mikono yake bure.

Majani ya Kenya mengi, na ya Tanzania pia, yanasagwa kwa ile mashine inayoyakata na kuyaviringisha yawe punje ndogo. Hiyo chai imetengenezwa itoe rangi haraka na ikae imara ndani ya maziwa, na kwa hiyo kazi hakuna ya kuishinda nitabishana na mtu yeyote. Lakini ndani yake kuna vile vitu vinavyoipa chai wekundu na ukali, ni vingi sana, na kafeini pia. Chai ikiwa moto vimeyeyuka huvioni. Ikipoa vinashikana na kafeini vinakuwa vipunje vidogo vinaelea, ndiyo huo ukungu. Si uchafu na haujaharibika. Ukitaka kujua nasema kweli chukua glasi ya hiyo chai yenye ukungu ongeza maji moto kidogo ndani yake, itang'aa tena.

Kwa hiyo kadiri chai inavyokuwa kali na baridi inavyokuja haraka ndivyo ukungu unavyozidi, na maji magumu yenye chokaa yanaongeza. Ndiyo maana Wamarekani kwa chai ya barafu wananunua sana ya Argentina, wanaonunua kutoka huko ni wao kwa wingi kuliko mtu mwingine. Ile haina makuu ukiinywa moto, mimi kwangu naiona ni maji ya rangi, lakini ikipoa inabaki inang'aa na hicho ndicho wanachotaka. Hao wa pakiti zilizoandikwa za barafu wamechanganya hivyo tayari.

Strungi yako ya Kericho weka kwa chai ya maziwa asubuhi, usiitese kwenye barafu. Na kama lazima utumie ya nyumbani basi tafuta ile ya majani marefu yaliyosokotwa, siyo punje, inavumilia baridi vizuri zaidi.

Bibi wa Columbus

Mwanangu pole na kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu huku Ohio na ninasoma hizi kilo za sukari moyo unanienda mbio. Kilo nzima? Watu wetu wamejaa kisukari na presha, na Wamarekani weusi wa huko kusini hali kadhalika. Kwa nini usiwafundishe kunywa yenye sukari kidogo? Au ya asali na ndimu. Biashara ni biashara lakini na afya za watu nazo.

KokiSafi

Shikamoo bibi. Nakuelewa na hujakosea. Ila hesabu yenyewe iko hivi, kilo 1 kwenye galoni 3, ambazo ni lita 11 na ushei, inakuja kama gramu 88 kwa lita. Coca-Cola ni kama gramu 108 hivi kwa lita. Kwa hiyo kilo 1 bado iko chini ya soda ambayo dada anaiuza tayari, na bado barafu haijayeyuka ndani. Ukifika kilo 1 na robo ndiyo umefikia soda. Kuna migahawa nimefanya kazi wanamwaga mfuko mzima wa paundi 4, kilo 1.8 hizo, na mteja anasema safi. Hapo hata mimi nilikuwa sinywi.

Mteja wa kusini akiomba hiyo kitu ukampa yenye sukari kidogo hatakuambia kitu, atalipa na hatarudi, kwa hiyo kumfundisha haiwezekani. Kinachowezekana ni kuweka mitungi miwili, mmoja wa sukari mmoja mkavu usio na kitu. Huku mhudumu anauliza sweet au unsweet kabla ya kuandika oda, na watu wengi zaidi kuliko unavyofikiri wanasema nusu kwa nusu, hasa wazee ambao daktari kashawakemea. Hapo bibi umewasaidia bila kuwahubiria. Na upike mkavu mkali sawa sawa na ule mwingine, siyo ule wa sukari ukiisha ndiyo unaongeza maji kwa mkavu, watajua.

Kingine cha faida, nusu chai nusu limonadi, wanaita Arnold Palmer kwa jina la yule mchezaji wa gofu. Hiyo unaiuza bei ya juu kidogo na huna unachoongeza zaidi ya jagi la limonadi.

Bibi wa Columbus

Marahaba mwanangu. Mitungi miwili nimekubali.

Papa Kivu

Jambo dada MamaPilau. Mimi niko Louisville, Kentucky, tuko na ka restora ka familia, tunauzishaka sombe, fufu, samaki, mikate. Bei nitakuambia vile tunafanya sisi. Tunauzisha dola 2.50 na batu banajaziwa bure kama bamekaa ndani, kama anabeba hapana, kikombe kimoja tu. Kuogopa kujaziwa ni bure juu ile chai haina bei. Piga hesabu, majani aunsi 3 na sukari kilo moja, yote pamoja haifike dola 4 ukinunua kwa jumla. Ule mtungi unatoa glasi kubwa za aunsi 20 (kupita nusu lita) kama 35 juu nusu ya glasi ni barafu. Inakuja kama senti 11 glasi moja. Mutu akunywe nne, bado uko mbele. Kile kinakulaka faranga ni kikombe cha kubeba na mufuniko wake na mrija, bile bitatu binaweza kupita bei ya chai yenyewe, kwa hiyo weka bei ya kubeba juu kidogo ao punguza saizi.

Lakini angalia barafu. Sisi tulianza na barafu ya kununua mu mifuko, joto ya mwezi wa saba ikafika tukaona faranga yote inaishia mu mifuko. Kama wateja bameanza kuwa wengi nunua mashine ya barafu mbele ya kununua mashine ya chai. Chai unaweza kupika mu sufuria maisha yote, barafu hapana.

Na limau weka. Kipande kimoja kwa mudomo ya glasi. Bengine hawaikamue hata, banaiangalia tu, lakini bila ile wanaona hauko serious.

MamaPilau_GA

Jamani nawashukuru sana, sikutegemea majibu haya yote. Papa Kivu hiyo ya barafu umenigusa, hata sisi ni mifuko ya gas station kila siku. Nimepata ile mifuko ya galoni 3 duka la jumla na leo nimepika kwa maelekezo ya KokiSafi, beking soda nimetia kwa mkono unaotetemeka, na imetoka inang'aa, rangi ya kaharabu kabisa. Mume wangu kashika glasi kaangalia jua nayo.

Ila hamjanijibu mawili. Iliki na tangawizi vipi? Na kupika jioni niuze kesho, maana asubuhi nina unga wa chapati, nina pilau, nina nyanya za kukatwa, nikiongeza na chai nitaanza kazi alfajiri. Leo imebaki nusu mtungi na kuimwaga naona dhambi.

KokiSafi

Imwage. Samahani dada kwa ukali lakini hili sitaki uliyumbishe. Chai iliyopikwa asubuhi usiku inamwagwa, na kama umeiacha kwenye kaunta hesabu yake ni masaa 8, mwisho. Hiyo si sheria ya bosi wangu, CDC wenyewe, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanasema hivyo, chai ipikwe kwa maji ya nyuzi 195 za Fahrenheit au zaidi, kama 90 za Selsiasi, dakika 3 mpaka 5, na isikae zaidi ya masaa 8. Sababu majani ni mmea umekauka, umetoka shambani na vijidudu vyake, na chai ya barafu imeshagundulika mara nyingi na bakteria wa kundi lile wanaotafutwa kwenye maji machafu. Wengi wao ni wa kwenye mimea, hawaui, lakini wakionekana kwenye kipimo maana yake usafi wako una tundu. Ndiyo maana ile staili ya kuweka jagi juani masaa mazima ichemkie jua, wazungu wazee wanaipenda sana kwenye vibaraza vyao, usiilete kwenye biashara hata kwa bahati mbaya. Maji yale ni vuguvugu tu.

Ukiona chai imeanza kuvuta nyuzi au imekuwa nzito kama uji mwepesi, au harufu ya kuchacha, hiyo imeshaenda zamani.

Sasa tatizo kubwa zaidi ni lile lililonipa jina humu. Koki. Watu wanaosha mtungi vizuri wanausugua unang'aa, koki wanaipitishia maji tu. Ndani ya koki kuna mpira na kijinjia chembamba, chai yenye sukari inabaki humo usiku kucha, ukitaka kuamini ifungue baada ya wiki ukute ule utelezi mweusi. Kila siku jioni ukifunga, ikung'oe koki, itoe vipande vyote, burashi nyembamba ndani, maji moto na sabuni, suuza, kisha dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo cha kwenye chupa, iache ikauke hewani bila kuifunga. Asubuhi ndiyo unaifunga. Spekta wa afya anayejua kazi yake akiingia mgahawani anakwenda sehemu mbili, mashine ya barafu na koki ya chai. Nimewaona wanapitisha karatasi nyeupe kwenye mdomo wa koki.

Na usiongeze chai mpya juu ya ya zamani. Mtungi uishe, uoshwe, upikwe mwingine. Ndiyo maana galoni 3 ni saizi nzuri, ikiisha saa 7 mchana unapika nyingine ndani ya nusu saa. Kama asubuhi umebanwa basi usipike asubuhi! Wateja wako wa chai wanakuja mchana umesema, pika saa 4 na nusu wakati pilau liko jikoni, ikifika saa 5 na nusu imeshapoa. Itakufikisha jioni bila kuvuka masaa.

Limau nalo, likatwe kwa ubao wake siyo ule wa kuku, na linawekwa kwenye glasi kwa koleo au glavu, siyo mkono mtupu. Hilo kwenye kanuni za Georgia lipo.

Mpenda Historia

Nipite tu na kaporojo maana nyie mmeshamaliza kazi. Dada uko Georgia, sasa ujue mwaka 2003 kuna mbunge wa jimbo hilo alipeleka muswada kwamba mgahawa wowote unaouza chai ya barafu ni lazima uwe na yenye sukari pia, na asiye nayo ni kosa la jinai! Ilikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga na mwenyewe alisema ni utani, haukupita, lakini inakuonyesha unacheza na kitu gani. South Carolina wao mwaka 1995 waliifanya chai inayolimwa kwao kuwa kinywaji rasmi cha ukarimu cha jimbo, na ndiyo wanalo shamba la chai hasa, kisiwa cha Wadmalaw karibu na Charleston.

Mtakutana na hadithi kwamba chai ya barafu ilizaliwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 eti muuza chai aliona joto limezidi akatia barafu. Maonyesho yaliitangaza tu, mapishi yake yalikuwa yameshachapwa kwenye kitabu cha mapishi ya Virginia mwaka 1879, na ilikuwa ya majani ya kijani! Ya kijani waliinywa sana mpaka vita vya pili vilipokata njia za chai kutoka Japani na China, ndipo nyeusi ikashika usukani.

Dada wa Mbezi

Jamani mimi niko Dar nimefuata uzi huu toka juzi, nina kibanda cha chakula cha mchana karibu na maofisi. Juzi nimejaribu kwa mchaichai, nimechemsha mchaichai na tangawizi na sukari kwanza, nikazima ndiyo nikatia majani kidogo ya Tukuyu dakika 3 tu, nikachuja kwa kitambaa. Ikitoka na ukungu kidogo huku hakuna anayejali wanasema ndiyo tangawizi yenyewe. Watu wameipenda kuliko juisi ya maembe na mtaji wake mdogo. Ila kwa wale wa huku, barafu tusinunue zile za mifuko ya nailoni mtaani, hujui maji yake. Mimi nachemsha maji yangu, yakipoa nagandisha mwenyewe, tena nagandisha na chai yenyewe kwenye vibakuli ili isipoteze ladha ikiyeyuka.

Kericho_Boy

Hiyo ya kugandisha chai ni akili kubwa. Kwa mgahawa wa Georgia wenye glasi 100 haiwezekani lakini kwa kibanda ni poa sana.

KokiSafi

Na hapo Dada wa Mbezi amejibu swali la iliki bila kujua. MamaPilau, usitie chochote kwenye mtungi wa sweet tea. Mtu aliyeizoea tangu utotoni anajua inavyopaswa kuwa na akionja iliki atadhani mtungi haukuoshwa. Mume wako naye asikasirike, ana hoja, ila aiweke pembeni. Tengeneza jagi la tatu, dogo, la chai yenu ya iliki na tangawizi na mchaichai ya baridi, mpe jina lenu, liandike kwenye menyu bei ya dola moja zaidi na bila kujaza bure. Mteja akija mara ya tatu ya nne akishakuamini kwenye chai yake mwonjeshe kwenye kikombe kidogo. Viungo chemsha peke yake na sukari upate shira, ikae kwenye friji kwenye chupa safi yenye tarehe, ukitaka unachanganya na ile chai kavu ya mtungi wa pili. Huna haja ya kupika chai mara tatu.

MamaPilau_GA

Hiyo ya shira pembeni imemaliza ugomvi nyumbani, mume wangu anasema ataipa jina yeye. Nusu mtungi nimemwaga jamani, roho imeniuma. Koki nimeifungua vile vile, mtungi ni mpya una siku chache lakini ule mpira wa ndani tayari ulikuwa unanata. KokiSafi hiyo burashi nyembamba unanunua wapi, za duka la jumla zote naona ni za chupa?

KokiSafi

Tafuta zile za kusafishia mirija ya chuma, zinauzwa tatu tatu. Nunua paketi mbili, zinapotea. Na mpira wa koki agiza wa akiba, ukianza kupasuka hakuna dawa itakayouokoa, unabadilisha.